Baba anauliza: nianzie wapi na binti yangu aliyevunja ungo?

Swali: Mimi ni baba wa watoto wawili, tunaishi kwenye ploti huku Kaptembwo, Nakuru. Mama yao alifariki mwaka juzi. Binti ana miaka 13, yuko Gredi ya 8, na kaka yake ana miaka 15. Kazi yangu ni lori, Nakuru hadi Malaba, kwa hivyo usiku tatu au nne kila wiki silali nyumbani. Binti ameanza hedhi, na aliyeniambia ni mama jirani, si yeye. Jirani huyo ananishauri nimpeleke akadungwe sindano ya kupanga uzazi kabla mambo hayajaharibika. Mama yao mdogo yuko Kakamega na ndiye angezungumza naye, lakini wanaonana likizo ya Agosti na Desemba tu. Mimi nimewahi kumwambia jambo moja tu: akipata mimba asirudi kwangu. Sasa sijui nianzie wapi, na naogopa nikimweleza sana nitakuwa nimemfungua macho.

Jibu: Baba, pole kwa kufiwa, na ahsante kwa kuuliza mapema. Kabla hatujafika kwenye sindano au kwa mama mdogo, kuna neno moja la kuondoa hapo nyumbani, lile la asirudi kwako. Wazazi wengi hulisema wakidhani hofu itamlinda mtoto. Lakini karibu kila msaada anaoweza kuhitaji katika jambo hili una saa zake. Dawa ya kuzuia HIV baada ya mtu kulazimishwa, PEP, lazima ianzwe ndani ya saa 72, na ikianzwa siku ileile ni bora zaidi. Tembe ya dharura ya kuzuia mimba nayo inataka saa hizohizo. Ushahidi wa unajisi kwenye mwili na nguo hupotea kwa siku chache. Mimba yenyewe inafaa ionwe kliniki kabla ya wiki ya 12. Mtoto aliyeambiwa asirudi hatakutafuta katika saa hizo. Atajificha, atamuuliza mwenzake wa darasa, atakunywa alichoambiwa anywe, na habari itakufikia tumbo likiwa limeshaonekana.

Kwa hivyo anza na hili, hata kesho: "Kuna kitu nilikwambia kwa sababu ya hofu. Kifute. Likitokea lolote, liwe kosa lako au la mtu mwingine, niambie mimi kwanza, saa yoyote, hata nikiwa Malaba. Huenda nikakasirika, lakini sitakufukuza." Mrudie tena siku nyingine, maana mara ya kwanza hatakuamini. Kaka yake naye aambiwe hivyohivyo.

Kuhusu kumfungua macho: jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi. UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ilipokusanya tafiti za nchi nyingi kwa ajili ya mwongozo wake wa 2018, ilibainika kuwa vijana wanaofundishwa kuhusu mwili, ngono na kinga hawaanzi mapema wala hawazidishi. Baadhi yao huchelewa kuanza, na wanaoanza hutumia kinga zaidi. Mafundisho ya "acha tu" yasiyoeleza chochote hayakuonyesha faida hiyo. Na binti yako ana masikio: darasani, kwenye mfereji wa ploti, kwenye simu za wenzake, habari anazipata kila siku, nyingi zikiwa za uongo. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Homa Bay na Migori ilikuwa takriban asilimia 23. Huenda wengi wao walikuwa wamesikia habari za ngono, ila hawakuzipata kwa mtu aliyewatakia mema na anayejua anachosema.

Jinsi ya kuongea

Usimwite mezani ukamkalisha kama kesi. Ongeeni mkifanya kazi bega kwa bega, nyote mkitazama mbele: mnaosha vyombo, mnatembea kwenda sokoni, au Jumamosi mnaosha lori. Dakika kumi zinatosha, kisha acheni, siku nyingine muendelee. Mazungumzo madogo ishirini yana faida kuliko hotuba moja ya saa nzima ambayo nyote mtaogopa kuirudia. Ukiona haya, mwambie una haya, kisha endelea.

Taja viungo kwa majina: uke, uume, matiti, mfuko wa uzazi, mbegu za kiume. Mtoto anayejua "kule chini" tu hawezi kumweleza muuguzi au hakimu kilichotendeka, na wanaonajisi watoto hufaidi ukimya huo. Mama mdogo apige simu kila wiki, asingoje Agosti. Yapo ambayo binti atamweleza yeye na asikueleze wewe, na hilo ni sawa. Lakini usimwachie yote. Msichana aliyezoea kumsikia babake akizungumza habari za mwili kwa heshima ana kipimo cha kumpimia mwanaume mwingine atakayezungumza naye bila heshima.

Hedhi na sodo

Nenda dukani mwenyewe. Pakiti ya sodo kwa kawaida huwa na 8. Msichana hubadilisha kila baada ya saa 4 hadi 6, hata kama haijajaa, kwa hivyo kwa siku 5 anaweza kumaliza pakiti mbili au zaidi. Weka pakiti tatu kabatini wakati wote, na ikibaki moja, nunua nyingine bila kungoja aombe. Ndani ya begi la shule ziwepo mbili, na chupi moja ya akiba ndani ya mfuko mdogo. Maumivu ya tumbo yakimzidi, tembe ya ibuprofen baada ya kula husaidia. Akilowanisha sodo nzima kila saa, au damu ikipita siku 7, mpeleke hospitali. Tangu 2017 sheria inaitaka serikali igawe sodo za bure kwa wasichana wa shule za umma, lakini usizitegemee peke yake.

Nasisitiza hili kwa sababu anayemnunulia msichana sodo anakuwa mtu anayemdai. Watafiti waliofanya kazi vijijini magharibi mwa Kenya waliwakuta wasichana wa shule, wengine wadogo kabisa, waliokiri kufanya ngono ili wapate pesa za sodo. Pakiti iliyo kabatini mwako inamfungia njia mtu huyo.

Kisha mfundishe kuhesabu. Chukua kalenda ya ukutani, ampe siku ya kwanza ya damu alama ya duara, kila mwezi. Kutoka duara hadi duara ndio mzunguko wake. Kwa watu wazima wengi ni kama siku 28, lakini kwa aliyevunja ungo karibuni unaweza kuwa siku 21 mwezi huu na 40 mwezi ujao, na hilo si ugonjwa. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, na huishi kwa muda usiozidi siku moja. Mbegu za kiume huweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5.

Sasa pigeni hesabu pamoja. Tuseme mwezi huu mzunguko wake utakuwa wa siku 22. Toa 14, zinabaki 8, kwa hivyo yai litatoka siku ya 8. Akilala na mvulana siku ya 4, damu ikiwa bado inatoka, mbegu zinaweza kulingoja yai hadi siku ya 8. Hapo mimba inaingia katika siku ambazo wenzake wote watamwapia kuwa ni salama. Na siku 22 hizo hazijulikani hadi zipite. Kwa umri wake hakuna siku salama anayoweza kuihesabu, na akiona hesabu hiyo kwa macho yake kwenye kalenda, hatahitaji kukuamini kwa maneno tu. Hata ambaye hajaona damu ya kwanza anaweza kushika mimba, kwa kuwa yai hutangulia damu.

Mwambie pia bila kuzunguka kuwa mara ya kwanza inatosha, na kwamba kusimama, kuruka, kukojoa, kujiosha kwa maji ya chumvi au kunywa soda hakuzuii kitu. Mbegu za kwanza hufika kwenye mlango wa mfuko wa uzazi ndani ya dakika chache. Wala mvulana akimwaga nje si kinga ya kutegemewa. Kati ya wanawake 100 wanaotegemea hilo kwa mwaka mzima, takriban 20 hushika mimba.

Nani anamkaribia ukiwa safarini

Kwa mtoto wa miaka 13, hofu yangu kubwa si mvulana wa darasani. Ni mtu mzima aliye karibu, mwenye pesa kidogo na muda mwingi. Hatua zake hufanana. Kwanza ni lifti ya bodaboda ya bure asubuhi ya mvua. Halafu smokie, chipsi, bando za simu. Halafu linakuja neno "usimwambie babako". Halafu deni: "nimekufanyia mengi, na wewe unifanyie". Kwenye fuo za Ziwa Victoria, kuanzia Homa Bay hadi Kisumu, samaki ndio mtego: mvuvi humpa samaki anayekubali kulala naye, na wanawake wauzaji wanaujua mtego huo kwa jina la jaboya. Kakamega, watakapokwenda likizo, ni disko matanga, muziki wa usiku kucha kwenye kilio ambapo watu wazima hulewa na watoto hawana anayewahesabu. Mkubaliane na mama mdogo kabla ya Agosti: watoto wanaenda msibani mchana na wanarudi naye jua likiwa bado lipo.

Mfundishe binti akatie kwenye hatua ya siri. Kanuni ya nyumba iwe fupi: zawadi ambayo baba hawezi kuiona hatuichukui, na mtu mzima hana siri na mtoto. Mpe pia jibu ambalo halihitaji ujasiri mwingi, kama "nitamuuliza baba kwanza". Anayemtakia mabaya huliogopa neno hilo. Mwalimu naye hana ruhusa ya kumtuma au kumwalika mwanafunzi nyumbani kwake. Tume ya kuajiri walimu, TSC, iliwaandikia walimu wote waraka kuhusu hilo mwaka wa 2010. Na ajue sheria inasimama upande wake. Chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, aliye chini ya miaka 18 hawezi kukubali ngono. Anayemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 20, wa miaka 16 au 17 kisichopungua 15, na wa miaka 11 kushuka chini ni kifungo cha maisha.

Kwa zile usiku zako za barabarani, mchague mtu mzima mmoja na mtangaze kwa watoto kwa jina. Mama jirani aliyegundua hedhi kabla yako anafaa sana, kwa sababu anaona. Mwombe rasmi, mwachie pesa ya dharura, na umwambie saa ambayo binti hufika kutoka shuleni ili akichelewa apige simu. Nauli ya wiki nzima ilipwe kabla hujaondoka. Asilale kwako mwanaume mwingine ukiwa safarini, awe taniboi wako (msaidizi wa lori), binamu au rafiki wa kanisani. Na kama chumba ni kimoja, mtundike pazia zito, kila mtoto awe na kitanda chake na mahali pake pa kubadilisha nguo. Piga simu kila jioni saa mbili, uongee na kila mmoja peke yake.

Likizo ndefu zitazame kwa jicho kali zaidi. Shule zilipofungwa 2020 kwa sababu ya korona, wasichana wa sekondari magharibi mwa Kenya waliofuatiliwa na watafiti walikuwa kwenye hatari ya takriban mara mbili ya kushika mimba kabla ya kumaliza shule, wakilinganishwa na waliotangulia ambao masomo yao hayakukatizwa. Shule, kwa kuwepo tu, hula saa za mchana ambazo mtu mwingine angezitumia.

Ukiona simu au laini usiyoijua, nguo mpya zisizo na maelezo, au ghafla hataki kupita njia fulani, usimtikise. Uliza jambo moja dogo: "Njia ile kuna nini siku hizi?" Kisha nyamaza, hata dakika mbili nzima.

Sindano ya jirani

Jirani ana nia njema, usimkemee. Ila ushauri wake una pengo. Sindano hiyo, wengi huiita Depo, hudungwa kila baada ya miezi 3 na kazi yake ni kuzuia yai lisitoke. Haizuii HIV, kaswende wala kisonono, na haimzuii mtu mzima kumgusa mtoto. Kwa msichana wa miaka 13 ambaye hajaanza ngono, haina kazi ya kufanya mwilini mwake. Kwa yule ambaye ameshaguswa, inaweza kuficha: mimba haipo, hakuna anayeuliza, na anayemnajisi anaendelea. Ukigundua kuwa ameanza, swali la kwanza ni nani, na la pili ni kama yuko salama usiku huu. Njia ya kuzuia mimba inakuja baada ya hapo, kwa mazungumzo na muuguzi, wewe ukiwepo.

Hilo halina maana kwamba njia hizi ni sumu kwa vijana. Atakapokuwa mkubwa na kuamua, ajue ukweli wake. Wanawake 100 wakitumia kwa mwaka mmoja namna watu wanavyotumia kwa kawaida, kwa kusahau na kuchelewa, takriban 13 hushika mimba kwa kondomu, 7 kwa vidonge vya kila siku, 4 kwa sindano, na kwa vijiti vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono hafiki hata mmoja. Vijiti vina nguvu kwa sababu havimtegemei mtu kukumbuka. Hukaa miaka 3 au 5 kulingana na aina. Kuvuruga hedhi ni kawaida, na damu isiyotoka haikusanyiki tumboni. Sindano haimfanyi mtu kuwa tasa, ila baada ya kuiacha mimba inaweza kuchelewa, mara nyingi karibu mwaka kutoka dozi ya mwisho. Hupunguza pia uzito wa mifupa kiasi wakati inatumika, jambo ambalo muuguzi hulifikiria kwa makini kwa mwili unaokua. Anayetumia dawa ya TB yenye rifampicin, au ya HIV yenye efavirenz, lazima aseme, kwa kuwa hizo hupunguza nguvu ya vijiti na vidonge.

Kaka yake

Barua yako imemtaja mara moja tu, na hapo ndipo nyumba nyingi hupungukiwa. Mvulana wa miaka 15 anaweza kumpa msichana mimba, tangu mara ya kwanza alipoamka amelowa kwa ndoto za usiku. Mweleze hizo ndoto ni za kawaida. Mweleze kalenda ileile uliyomweleza dada yake. Mweleze kwamba msichana akinyamaza, akiganda, au akisema "sijui", jibu ni hapana, na akisema ndiyo akiwa na miaka 13 sheria bado inauita unajisi. Yeye mwenyewe akiwa mtoto anaweza kushtakiwa, ingawa adhabu yake hufuata sheria za watoto. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulelewa na mama na baba, wawe wameoana au la.

Na afundishwe kondomu kabla hajaihitaji. Nunua pakiti, chukua ndizi, mfungie mlango, umwonyeshe. Kwanza tarehe ya mwisho. Kisha abonyeze pakiti: akisikia hewa kama mto mdogo ndani, haijatoboka. Achane upande wenye meno-meno kwa vidole, si kwa meno yake. Ashike chuchu ya mbele kutoa hewa, aiweke kwenye uume uliosimama, aikunjue hadi shinani kabla uume haujagusa uke hata kidogo. Kama haikunjuki, ameigeuza. Aitupe achukue mpya, kwa sababu ncha yake imeshagusa majimaji. Baada ya kumwaga, atoke uume ukiwa bado umesimama huku ameshika ukingo wa kondomu, kisha aifunge fundo, aifunike kwa karatasi na kuitupa kwenye pipa au choo cha shimo.

Makosa yanayopasua kondomu ni machache na yanajulikana. Mafuta ya kujipaka, Vaseline na mafuta ya kupikia hulainisha mpira hadi unachanika. Kilainishi kiwe cha maji. Kondomu mbili kwa pamoja husuguana na kupasuka. Kondomu iliyokaa mfukoni mwa suruali au ndani ya pochi kwa wiki kadhaa huharibiwa na joto na mikunjo, na ile iliyoachwa kwenye dashibodi ya lori vilevile. Kumfundisha haya si kumtuma. Mwambie wazi kuwa kwa umri wake unataka angoje, na umweleze sababu zako.

P2

Binti yako ameshasikia jina hilo au atalisikia muhula huu, kwa hivyo alisikie kwako. P2 ni tembe ya dharura yenye dawa ya levonorgestrel. Dozi ni miligramu 1.5. Pakiti ikiwa na tembe mbili za 0.75, zote mbili humezwa kwa pamoja, mara moja. Zamani watu walielekezwa kuzipisha kwa muda wa saa 12, na wengine bado husahau ya pili. Hufanya kazi vizuri ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Hadi saa 120 inaweza kusaidia kwa nguvu iliyopungua. Akitapika kabla saa 2 hazijapita tangu ameze, arudie dozi.

Inalofanya ni kuchelewesha yai kutoka. Yai likiwa limeshatoka, haina la kuzuia, na mimba iliyoshika haitoi. Ndiyo maana wapo wanaomeza na bado wanapata mimba. Kosa lingine ni kudhani imemkinga kwa mwezi mzima. Yai lililocheleweshwa linaweza kutoka siku chache baadaye, na akilala tena na mtu bila kinga, anaingia palepale. Haizuii HIV. Hedhi ikichelewa zaidi ya siku 7 kuliko ilivyotarajiwa, apimwe. Koili ya shaba, kifaa kidogo cha kuwekwa ndani ya mfuko wa uzazi, ikiwekwa ndani ya siku 5 ina nguvu zaidi kuliko tembe yoyote ya dharura, lakini huwekwa na mhudumu aliyefunzwa. Na mtoto wa miaka 13 anayehitaji P2 anahitaji pia mtu wa kuuliza kilichompata.

Akilazimishwa au akinajisiwa

Mwamini kwanza, maswali baadaye. Asioge, asifue, asipige mswaki kama mdomo ulihusika. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi wa kaki. Zikiwekwa kwenye plastiki hubaki na unyevu, zikaota ukungu na ushahidi ukaharibika. Mpeleke hospitali moja kwa moja. Hapo Nakuru ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, ambayo wengi bado huiita PGH, na akiwa Kakamega ni hospitali kuu ya kaunti. Huna haja ya kupitia polisi kwanza. Matibabu ya waliodhulumiwa kingono katika hospitali za umma ni bure. Dai vitu hivi kwa kuvitaja: kipimo cha HIV, PEP ya siku 28, tembe ya dharura, dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B, na fomu ya PRC (ya hospitali, ya matibabu baada ya kubakwa) ijazwe na kutiwa saini. PEP isiachwe katikati hata akipata kichefuchefu. Ameze pamoja na chakula.

Kisha polisi: pata nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) na fomu ya P3 ya polisi, ambayo daktari huandika majeraha na ambayo hailipiwi. Ukiwa barabarani na huwezi kufika, mama jirani aende naye, nawe upige 116, laini ya bure ya watoto, au 1195, laini ya bure ya dhuluma za kijinsia. Wazee wakija na mbuzi au bahasha wakitaka muyamalize nyumbani, kataa. Unajisi ni kosa la jinai, na aliyelipa mbuzi kwako atamrudia mtoto wa ploti inayofuata.

Na kama tayari ana mimba

Kipimo cha mkojo husema kweli hedhi ikiwa imeshachelewa, au wiki 3 baada ya tendo. Mkojo wa asubuhi ndio bora. Mistari miwili, hata mmoja ukiwa hafifu, ni mimba. Kwa umri huu nyonga bado inakua, na hatari ya kifafa cha mimba, upungufu wa damu, uchungu wa muda mrefu na fistula (tundu linalovujisha mkojo au choo kupitia ukeni) ni kubwa kuliko kwa mwanamke wa miaka 20 na kitu, kwa hivyo kliniki ianze mara moja: kipimo cha damu, presha, HIV na kaswende, tembe za madini ya chuma na foliki kila siku. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mahudhurio 8 hadi kujifungua. Kuumwa kichwa sana, kuona ukungu, uso kuvimba au kutokwa damu ni safari ya hospitali usiku uleule. Dawa za mitishamba na vidonge vya kichochoroni vya kutoa mimba vinaua. Na akiwa ameshavitumia, mpeleke hospitali bila kungoja na useme ukweli, kwa sababu kutibiwa damu na homa ni haki yake. Katiba, kifungu cha 26, inaruhusu mimba kutolewa pale tu mtaalamu wa afya anapoona hali ni ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Swali hilo ni la daktari, si la mtaani.

Shule isikome. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unamruhusu aendelee kusoma akiwa mjamzito kadiri afya inavyoruhusu, na arudi baada ya kujifungua, hata kwa kuhamia shule nyingine kama anaogopa kuchekwa. Nenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, mkubaliane kwa maandishi siku ya kurudi, ubaki na nakala. Ukizungushwa, peleka nakala hiyo kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Panga mapema nani atakaa na mtoto mchana. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwenye chombo safi chenye kifuniko hukaa kwa muda usiozidi saa 4 bila friji kama chumba si cha joto kali, kwa hivyo anaweza kunyonyesha alfajiri, akamue kabla ya kuondoka, na anyonyeshe tena anaporudi.